Bwana Shamba Wenu: Bunduki na Risasi za Kuwindia Swala

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyatia ghalani. Mwezi huu tuweke jembe chini kidogo. Tutazungumza juu ya bunduki.

Msishangae. Siku chache zilizopita ndugu mmoja alinijia nyumbani jioni. Alikuwa ameuza ufuta wake kwa bei nzuri. Alikuwa amekwisha kupata kibali cha Polisi cha kununua bunduki. Alitaka pia kuomba leseni ya kuwinda swala. Akaniuliza, "Bwana Shamba, ninunue bunduki gani? Wenzangu wananiambia ninunue iliyo kubwa kuliko zote, maana fedha ninayo."

Nilimkaribisha chai. Kisha nikamsimulia jambo ambalo sipendi kulisimulia. Leo nalisimulia kwenu nyote, ili mtu mwingine asirudie kosa langu.

KOSA LANGU

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilikuwa na bunduki ya marehemu baba. Ilikuwa imeandikishwa kwa jina langu. Nilikuwa na leseni ya kuwinda kongoni mmoja. Dukani nilikuta risasi za aina mbili zinazoingia katika bunduki ile. Nikachukua zile za bei rahisi. Sikuuliza zina tofauti gani.

Porini nilimwona kongoni amesimama ubavu, hatua kama themanini. Nikalenga, nikapiga. Kundi lote likakimbia. Lakini kongoni mmoja akaanguka hapo hapo. Nikafurahi. Nilipofika karibu, furaha ikaniisha. Aliyeanguka hakuwa yule niliyemlenga. Alikuwa jike aliyekuwa nyuma yake, na ndama wake alikuwa amesimama hatua chache akimtazama.

Risasi yangu ilikuwa imempita wa kwanza kama sindano inavyopita katika kitambaa, ikampata wa pili. Wa kwanza alikimbia na jeraha. Nilifuata damu yake mpaka giza likaingia. Asubuhi nilimkuta, lakini fisi walikuwa wametangulia.

Wanyama wawili wamekufa kwa leseni ya mmoja, na ndama amebaki yatima. Nilikwenda mwenyewe kwa afisa wanyamapori nikaeleza. Nililipa faini, na nilistahili kulipa.

Je, bunduki yangu ilikuwa mbaya? Hapana. Ilikuwa bunduki nzuri. Makosa yangu yalikuwa mawili: nilichagua risasi bila kujua, na nilipiga bila kutazama kilichoko nyuma.

RISASI NDIYO JEMBE

Ndugu wasomaji, mkulima akitaka kununua jembe haanzi na mpini. Anaanza na shamba. Udongo wangu ni mgumu au mlaini? Kisha anachagua jembe. Mpini unafuata baadaye.

Kwa mwindaji ni vivyo hivyo. Mnyama ndiye shamba. Risasi ndiyo jembe. Bunduki ni mpini. Watu wengi huanza na mpini. Huona bunduki inayong'aa, wakainunua, kisha wakatafuta risasi za kuingia humo, kisha wakatafuta mnyama. Huko ni kutembea kinyumenyume.

Sisi tuanze mahali panapostahili.

KWANZA: SHERIA

Hapa Tanzania bunduki humilikiwa kwa leseni, kwa kufuata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kuwinda nako kuna sheria yake, yaani Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Leseni ya bunduki si leseni ya kuwinda. Unahitaji zote mbili.

Kabla hujatoa fedha yako dukani, nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya au ofisi ya TAWA. Uliza mambo manne. Je, uwindaji wa wenyeji umefunguliwa msimu huu? Mnyama gani anaruhusiwa, na wapi? Leseni ni kiasi gani? Bunduki ya kipimo gani inakubaliwa kwa mnyama huyo? Andika majibu katika daftari lako. Mtu aliyejifunza kusoma na kuandika hategemei maneno ya kijiweni.

PILI: MNYAMA NA PORI LAKE

Swala si mnyama mmoja. Swala pala dume ana uzito wa kilo 50 hadi 75. Digidigi hafiki hata kilo 10. Pofu ni mkubwa kabisa: dume aliyekomaa anaweza kufika kilo 900. Huwezi kuwachagulia wote risasi moja, kama vile huwezi kupanda mtama na migomba kwa nafasi moja.

Tena fikiria pori lenyewe. Katika pori la miombo miti huziba macho. Mara nyingi mnyama utamwona akiwa chini ya meta 100. Katika mbuga iliyo wazi utamwona mbali zaidi.

Jambo jingine: wewe unakwenda kwa miguu. Ukimwangusha pofu kilometa 15 kutoka barabarani, nani atabeba nyama? Jua letu halisubiri. Mwindaji wa miguu asiombe leseni ya mnyama asiyeweza kumbeba yeye na wenzake.

Ndugu yule wa ufuta anataka swala pala, katika pori la miombo. Basi na tuendelee na mfano huo.

TATU: IJUE RISASI YAKO

Risasi nzima ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba nyeupe au ya njano. Ndani ya ganda kuna baruti. Kwenye kitako cha ganda kuna fataki, ambayo hugongwa na sindano ya bunduki na kuwasha baruti. Mbele kuna kichwa. Kichwa ndicho kinachoruka na kumpiga mnyama.

Angalia kichwa kwa makini. Kuna aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza ni kichwa cha ncha ngumu. Kimefunikwa chote kwa shaba mpaka kwenye ncha. Kikimpiga mnyama hakibadiliki umbo. Hupita moja kwa moja na kutoka upande wa pili. Risasi za kijeshi ni za namna hii. Wawindaji wa nyati na tembo nao hutumia vichwa vigumu vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa sababu mifupa na misuli ya wanyama hao ni minene. Kwa swala, kichwa hiki hutoboa tundu dogo tu. Mnyama hukimbia mbali na kufa kwa mateso, na kichwa kinaweza kuua kingine nyuma yake. Hicho ndicho nilichonunua mimi kwa urahisi wa bei.

Aina ya pili ni kichwa cha ncha laini. Ncha yake imeachwa wazi, haikufunikwa. Kikimpiga mnyama, ncha hufunguka kama ua la uyoga. Hupanua jeraha na kuacha nguvu yake ndani ya mnyama. Mnyama aliyepigwa vizuri kwa kichwa hiki hufa upesi. Hiki ndicho kinachofaa kwa swala.

Kwa hiyo dukani usiseme tu, "Nipe risasi." Sema, "Nipe risasi zenye ncha laini," kisha fungua boksi uzitazame mwenyewe.

NNE: SOMA NAMBA

Hapa ndipo elimu ya kusoma inapookoa maisha.

Kila bunduki ina namba iliyochongwa kwenye mtutu au karibu na chemba. Kila ganda la risasi la kiwanda lina maandishi kwenye kitako chake. Namba hizo lazima zifanane kabisa. Kufanana kidogo hakutoshi.

Chukueni mfano wa risasi mbili zinazojulikana sana. Moja inaitwa .30-06. Ilianza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1906. Nyingine inaitwa .308, iliyotoka mwaka 1952. Vichwa vyake vina upana ule ule. Lakini ganda la .30-06 lina urefu wa milimita 63, na la .308 lina urefu wa milimita 51. Kutia risasi ya moja katika bunduki ya nyingine ni hatari.

Hatari kubwa zaidi iko katika bunduki za marisau. Bunduki ya namba 12 ina mtutu mpana kuliko ya namba 20. Hapa namba kubwa ni tundu dogo, kama ilivyo kwa nyuzi na waya. Mtu akitia risasi ya namba 20 katika bunduki ya namba 12, risasi hiyo huteleza na kukwama mbele, ndani ya mtutu. Akifyatua, haitoki kitu. Akifikiri amesahau kuijaza, hutia ya namba 12 nyuma yake. Akifyatua tena, mtutu hupasuka mkononi mwake. Kwa sababu hiyo viwanda vingi huzipaka risasi za namba 20 rangi ya njano. Ukiona ya njano mahali pa namba 12, simama. Usitie.

Risasi iliyobonyea, iliyoingia maji au yenye kutu ya kijani isitumike. Ipeleke Polisi. Usiitupe chooni wala usiwape watoto kuchezea.

TANO: SASA CHAGUA BUNDUKI

Tukiisha kujua mnyama na risasi, bunduki inakuwa rahisi.

Bunduki ya .22 ni ndogo mno kwa swala pala. Hutoboa, haiangushi. Ni ya kujifunzia shabaha na ya wanyama wadogo.

Bunduki ya marisau inafaa kwa kanga na kware. Marisau makubwa yanaweza kumwangusha swala mdogo akiwa karibu sana. Lakini ukipita meta 30 hivi marisau hutawanyika, na mnyama huondoka na mawili matatu mwilini. Huko si kuwinda, ni kujeruhi.

Gobore nalo wengi wetu tunalijua. Lina nguvu kwa karibu tu, na ukikosa mara ya kwanza huna ya pili. Wanaolijaza vipande vya nondo na misumari wanajitafutia msiba.

Bunduki ya .375 ni kubwa. Katika nchi nyingi za Afrika hicho ndicho kipimo cha chini kwa wanyama wa hatari kama nyati. Kwa swala pala ni kupindukia. Teke lake begani ni karibu mara mbili ya teke la .30-06. Mtu asiyeizoea hufumba macho kabla ya kufyatua, na aliyefumba macho hapigi shabaha. Ndiyo maana nilimwambia ndugu yule: bunduki kubwa kwa mtu mgeni haiui zaidi, inakosa zaidi.

Zilizobaki ni za kati: .243, .308, .30-06, na .303 ya zamani. Zote zinaweza kumwangusha swala pala kwa risasi moja ya ncha laini iliyopigwa mahali pake. Ya .243 ina teke dogo kuliko zote hizo. Ya .308 na ya .30-06 zinaweza pia kutumika kwa swala wakubwa zaidi kama kongoni.

Basi nichague ipi kati ya hizo? Nenda duka lenye leseni lililo karibu nawe, uulize risasi za namba gani hupatikana kila mara. Chagua bunduki ya risasi hizo. Bunduki isiyo na risasi ni fimbo ya gharama kubwa.

Kisha iweke begani. Je, kitako kinakufikia vizuri, au ni kirefu kwako? Je, uzito wake unaufaa mwendo wa kutwa? Bunduki nyingi za kati huwa na uzito wa kilo 3 hadi 4. Dukani kilo 4 ni nyepesi. Baada ya saa sita juani ni nzito. Fungua na kufunga komeo lake. Tazama kama kizuizi cha usalama kinashika. Hakikisha ina mkanda imara.

Na darubini je? Inasaidia, hasa kwa macho ya watu wa umri wangu. Katika pori la miombo ndogo inatosha. Ile ya kuvuta mno huonyesha tawi moja tu na kumficha mnyama.

SITA: JIPIME KWA SAHANI

Ndugu yule alitaka kumaliza fedha yote kwenye bunduki. Nilimwambia atenge fedha ya risasi za mazoezi. Bunduki mpya haijui shabaha yako, na wewe hujui yake.

Nenda mahali palipokubaliwa na Polisi, penye kilima au ukuta wa udongo nyuma. Chora duara lenye upana wa sahani ndogo, yaani sentimita 15. Anza meta 50. Piga magoti, au egemeza bunduki kwenye fimbo yenye panda, kama utakavyofanya porini. Piga risasi tano. Zote zikiingia ndani ya duara, rudi nyuma mpaka meta 75, kisha meta 100. Mahali ambapo risasi zote tano zinaingia ndio mwisho wako. Ukiwa mwisho wako ni meta 75, basi swala wa meta 90 si wako. Mwache aende. Kesho naye yupo.

Msidanganyike na maneno ya wanaosema walipiga kwa meta 300. Kichwa cha risasi huanguka kadiri kinavyokwenda. Bunduki ya .308 iliyorekebishwa kwa meta 100 hupiga chini kwa sentimita 10 hadi 15 ukifika meta 200. Ukifika meta 300 hupiga chini kwa karibu nusu meta. Badala ya moyo utapiga mguu, au utapiga udongo.

SABA: UKIWA PORINI

Mlenge mnyama aliyesimama ubavu. Fuata mguu wa mbele kwa macho, panda juu theluthi moja ya mwili wake. Hapo ndipo penye moyo na mapafu. Usipige kichwa, ni kidogo na hakitulii. Usimpige anayekimbia. Usimpige jike mwenye ndama. Usiwinde usiku kwa taa wala kupiga kutoka ndani ya gari. Sheria inakataza, na utu pia unakataza.

Kabla ya kugusa kifyatulio, jiulize: nyuma yake kuna nini? Kichwa cha .308 kinaweza kuruka zaidi ya kilometa 3. Nyuma ya kichaka kile anaweza kuwapo mrina asali, mchunga ng'ombe, au mama aokotaye uyoga. Kama huoni udongo nyuma ya mnyama, usipige.

Ukitembea na wenzako, mtutu usimwelekee mtu hata mara moja. Ukivuka mto au kupanda jabali, toa kwanza risasi chemba. Ukirudi nyumbani, bunduki ifungiwe mahali pake na risasi zifungiwe mahali pengine.

Ukisha kumpiga mnyama, usimkimbilie. Weka alama mahali aliposimama, ungoje kama robo saa. Anayefukuzwa hukimbia mbali zaidi, anayeachwa hulala karibu. Haraka haraka haina baraka.

NANE: NYAMA

Mtoe matumbo mapema, umweke kivulini. Nyama ikaguliwe na bwana mifugo. Mnyama uliyemkuta amekufa, au anayetoka damu puani bila kupigwa, usimguse. Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Toa taarifa.

Na kuna jambo ambalo wazee wetu hawakuambiwa. Jina risasi ni jina la madini pia, na vichwa vingi vimetengenezwa kwa madini hayo. Madini haya ni sumu, hasa kwa watoto na kwa mama wajawazito. Kichwa cha ncha laini kinapofunguka huacha vipande vidogo sana katika nyama, visivyoonekana kwa macho. Kwa hiyo kata na kutupa nyama yote yenye damu nyeusi kuzunguka jeraha, upana wa kiganja au zaidi kila upande. Usimwonee uchungu. Siku hizi kuna vichwa vya shaba tupu. Ukivipata dukani, ni bora zaidi.

NENO LA MWISHO

Ndugu yule wa ufuta alirudi kwangu juzi. Bado hajanunua. Alikuja na daftari. Alikuwa amekwenda ofisi ya wanyamapori na kuandika majibu manne. Alikuwa amekwenda pia dukani na kuandika namba za risasi zinazopatikana. Akaniambia ataichukua ya kati, na fedha itakayobaki atanunulia risasi za mazoezi na bati za nyumba.

Nilimwambia amenishinda. Mimi sikuandika kitu, na ndama yule sijamsahau mpaka leo.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi shambani.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mwindaji aanze na mnyama, na asianze na bunduki?
2. Taja tofauti mbili za kichwa cha ncha ngumu na kichwa cha ncha laini.
3. Risasi ya namba 20 ikitiwa katika bunduki ya namba 12, kunaweza kutokea nini?
4. Mtu ambaye mwisho wake ni meta 75 amemwona swala meta 90. Afanye nini? Kwa nini?
5. Katika kijiji chenu, ni watu gani wanaoweza kuwapo porini wakati wa kuwinda?